Au Toleo Lolote Litakalofuata

Mpendwa dada Masika,

Nimekaa kwenye meza yako hapa Kasese, na kabla ya habari nyingine yoyote pokea kwanza asante yangu. Najua ungecheka. Biira kusema asante bila kusukumwa, makubwa! Lakini tangu asubuhi kazi haifanyiki, acha niiseme.

Unakumbuka tulivyoandika programu yetu ya mto? Tulikuwa Bwera kwa shangazi, mvua imetufungia ndani, mto Lhubiriha unanguruma huko chini. Wewe uliandika sehemu ya kusoma kina cha maji, mimi ya kupiga kengele majumbani kwa watu. Ikabaki leseni. Tulitaka yeyote aitumie bure, na akiibadilisha na kuigawa, naye atoe mabadiliko yake. Tukachagua ile iitwayo GPL, toleo la pili, ulilolijua tangu chuoni. Kisha ukaongeza, "au toleo lolote litakalofuata," nami nikapandwa na mori.

"Dada, la tatu hatujalisoma, na la nne halijaandikwa! Unatia sahihi hewa?"

"Biira, weye uko na haraka ya kufunga mlango," ulisema. "Siku ingine itakuja shida yenye hatujui, na pengine mimi siko."

Nikanuna. Ukanipa ndizi, gonja ya kuchoma, nikaila hivyo hivyo nimenuna. Ukayabandika maneno yako juu ya kila faili, na mimi nikajaza orodha ya waandishi: Masika, Biira, basi. Kana kwamba Kasese nzima haina Masika mwingine! Waliotuma marekebisho baadaye wakafuata mtindo wetu: Muhindo, Bwambale, halafu Bwambale tena.

Mwaka uliopita, wewe ukiwa umeshalala kaburini Kisinga kando ya baba, kampuni moja iliichukua programu yetu ikaitia kwenye visanduku vya kutundika ukutani, ikaviuza huko Bwera. Nilifurahi, sitakudanganya. Msimbo wao, maandishi yenyewe ya programu, waliutoa hadharani, kama toleo la pili linavyodai. Ila kisanduku chenyewe walikitia kufuli. Unaweza kuusoma msimbo, ukaubadilisha utakavyo, lakini kuurudisha ndani huwezi. Na sauti ya onyo ilikuwa Kiingereza kitupu.

Maji yalipokuja, Mama Mbambu, yule jirani wa shangazi, alikuwa jikoni. Kisanduku kikapiga kelele. "Mie nilizani iko gari ya kampeni," aliniambia. "Inasema, inasema, mie napika." Maji yalimkuta hapo hapo. Mjukuu wake alimkuta amepanda juu ya meza, akamtoa. Walipona, dada, lakini mimi usingizi ulinihama.

Nikaandika toleo jipya la programu, lenye sauti ya lugha yetu ya Lhukonzo na ya Kiswahili, na linalobana matumizi ya betri ya jua isife mvua ikinyesha siku tatu. Kampuni ikalitaka mara moja, kwa sharti libaki chini ya leseni ya toleo la pili. Nikasoma lile la tatu nililolikejeli. Linasema anayeuza chombo cha nyumbani chenye programu kama yetu lazima ampe mnunuzi njia ya kuingiza programu aliyoibadilisha mwenyewe. Hicho ndicho nilichokitafuta. Lakini kampuni ikikasirika na kuondoka, je? Watu wa mtoni wangebaki hata bila hiyo kelele ya Kiingereza.

Rafiki yangu mwanasheria akanimaliza kabisa: kubadili leseni kunataka ruhusa ya kila aliyeandika. Kila mmoja! Bwambale yupi? Kwetu kila mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale. Nilipiga simu kwa watatu wenye jina hilo. Wa tatu alinijibu, "Sista, mimi natembeza lori ya simiti Hima. Hiyo kompyuta mulinipatia lini?" Na hata ningewapata wote, wewe ningekuuliza wapi?

Nikafungua faili la kwanza ili nihesabu majina, na hapo juu pakawa na maneno yako: "au toleo lolote litakalofuata." Nikafungua la pili, la tatu. Kila Bwambale alituma kazi yake chini ya maneno yale yale. Ruhusa ilikwisha kutolewa, na wa kwanza kuitoa ulikuwa wewe. Nililia mpaka mama akaja kuuliza nani amekufa.

Nikaitoa programu mpya chini ya toleo la tatu la leseni. Meneja wa kampuni akapiga simu, akafoka kama yuko gwaride. Nikamjibu, "Ndiyo afande, nimesikia, ila sibadilishi." Ushujaa wenyewe ulikuwa wa mdomoni. Zikapita wiki tatu, na kila wingu lilipopanda Rwenzori nilimpigia shangazi kuuliza maji yamefika wapi. Mwishowe akatuma funguo za visanduku. Wateja walikuwa wanamsumbua juu ya betri, na dawa yake ilikuwa kwangu.

Jumamosi nilikwenda Bwera. Mama Mbambu alikataa sauti niliyokuwa nimerekodi, eti inabembeleza. Akajirekodi mwenyewe, kwanza kwa Lhukonzo, halafu: "Maji inakuja! Beba batoto, panda juu, wacha vyombo!" Tukaiingiza. Nikabonyeza kujaribu, na mimi mjinga sikuwaonya majirani. Jua linawaka, mbingu haina hata wingu. Mwanamke wa nyumba ya pili akatoka mbio, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, akashika njia ya mlimani bila kugeuka. Nilimkimbiza mpaka karibu na kanisa nikimwita arudi, naye hasimami.

Wasingya, dada. Asante sana. Pumzika.

Mdogo wako mbishi,
Biira