Namba ya Goti Lako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye siku hizi ananuka jasho la watu wengine. Naomba barua hii ikukute mzima, cherehani ikiwa haikusumbui, na wifi yangu awe amepona kile kikohozi. Mama naye hajambo? Mwambie viatu alivyonipa bado vinanibana, lakini navivaa. Mimi afya ninayo, ila tumbo linakataa chakula, na sababu zake utaziona. Goti lako sikuulizi hapa juu pamoja na salamu. Nitaliuliza chini, mahali pake.

Siku nilipopata nafasi ya kusomea sayansi ya michezo ulicheka mpaka ukaangusha mkasi. Ulisema Bi Kinyaa, anayeosha kikombe kilichokwisha kuoshwa, sasa anakwenda kusomea jasho. Kaka, ulicheka kidogo. Maabara yetu ni chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka. Kuna mashine nne za kukimbilia, na kitanda cha kupimia watu ambacho plastiki yake imepasuka, sponji inachungulia. Mtu akikimbia tunamtia mdomoni bomba la mpira ili mashine ipime pumzi zake. Mate yanajaa humo, na waoshaji wa mabomba ni sisi wa mwaka wa kwanza. Wiki ya kwanza nilimwaga ndoo yenye mate ya watu kumi na wanane, mengine yakiwa na makombo ya mkate. Nimeshika vidole vya miguu vyenye kucha nyeusi. Nimepima mafuta ya tumbo la mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa ameoga tangu juzi. Nilidhani huo ndio uchafu wenyewe, kumbe bado fomu.

Ni fomu ya malengo binafsi ya kujifunza, yenye safu nne: lengo, hatua, ushahidi na tarehe. Mhadhiri wetu ni mama mfupi wa makamo, anayevaa filimbi shingoni hata akifundisha ubaoni. Alituambia kila mmoja aandike malengo ya muhula, kisha atakaa naye wayapitie pamoja na kuyatia saini, na kila lengo litakalotimizwa litampa alama. Darasa zima likamkimbilia kijana wa mwaka wa pili wanayemwita Nakala, ambaye ametunza malengo yake ya mwaka jana na anayagawa kama peremende. Niliona watu wazima, wengine wana ndevu, wakinakili kwamba wanataka kuboresha stadi zao za mawasiliano. Mmoja alinakili hadi tarehe ya mwaka jana. Mwenzangu wa chumbani, ambaye vitabu vyake bado vimefungwa kamba ile ile aliyokuja nayo, aliandika kwamba ana kiu kubwa ya maarifa. Niliwatazama kama ninavyotazama unywele ndani ya chakula.

Mimi, msafi wa wasafi, niliandika langu mwenyewe. Niliandika kwamba nataka kuwa mtaalamu bora wa majeraha ya wanamichezo. Mhadhiri alilisoma, akasema hiyo ni dua, akanirudishia karatasi. Nikaandika kwamba hadi mwisho wa muhula nitalijua goti lote, mifupa yake, kano zake na namna linavyoumia. Akasema hilo angalau linapimika, lakini akataka kujua goti hilo ni la nani. Nikamuuliza kwa nini. Akaeleza kwamba kwa miaka aliyofundisha, wanaokuja kusomea majeraha huwa na mtu wao kichwani. Nikamwambia nina kaka aliyekuwa mkimbiaji, kocha akamkimbiza akiwa na maumivu hadi goti likaharibika. Nililisema bila kupepesa, kama tunavyolisema nyumbani miaka yote. Alinitazama, akasema hatii saini bado, nianze tu mazoezi ya vitendo halafu nirudi.

Nikapangiwa timu ya netiboli ya chuo, na kazi yangu ni kushika daftari. Kabla ya mazoezi kila mchezaji ananitajia namba ya maumivu yake, kuanzia sifuri hadi kumi, nami ninaiandika. Utaratibu huo tunaujua sisi wawili. Ndio ule wa kocha wetu, aliyekuwa akisema mkimbiaji hulalamika hata akipewa kiatu kipya, hivyo yeye hasikilizi maneno, anasoma daftari tu. Kila mkimbiaji alikuwa na mwandishi wake, ndugu au rafiki. Namba ikizidi tano, kocha anampumzisha bila kuuliza. Wewe ulinichagua mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wako.

Jumanne iliyopita akaja mlinzi wa netiboli, msichana mrefu, kifundo cha mguu kimevimba hadi soksi imemchimba mstari. Akaniambia saba. Nahodha wake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akitafuna ubani, akaniambia niandike tatu kwa sababu kesho yake kulikuwa na mechi. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. Mlinzi naye akainamisha kichwa, akasema basi niandike tatu. Kaka, hapo ndipo nilipotaka kutapika. Ile ndoo ya mate haikunifanya hivyo. Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi, na mkono wangu ulikuwa unaijua tatu.

Niliandika saba. Mlinzi hakupangwa, timu ikafungwa, na nahodha ananiita mchawi. Mlinzi alilia kwa hasira, na siku hizi nikikaa bwaloni yeye anahama meza. Wenzangu wawili watatu wamenisifu kwamba nina msimamo, na kila wanaponisifu najiona nimeoza zaidi.

Nyani haoni kundule, Kaka. Alhamisi ile kabla ya fainali ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, goti umelifunga kitambaa cha maji. Uliniambia saba. Ulirudia, ukasema afadhali kocha akupumzishe, mbio nyingine zitakuja. Mimi nikaandika tatu. Kocha alisoma tatu, akakupanga, kama ambavyo kocha yeyote angefanya. Nawe ulipolikuta jina lako kwenye orodha ukadhani ameiona saba akaipuuza, na hukuwa mtu wa kubishana na mkubwa.

Hakuna aliyenishurutisha. Mkimbiaji akipumzishwa, mwandishi wake naye habebwi kwenye basi la fainali, na waandishi wanaosafiri walikuwa wameahidiwa trakisuti ya bluu yenye jina la timu mgongoni. Niliitaka ile trakisuti. Nimetafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, nimetafuta miaka saba, sikuipata.

Uliporudi na magongo ukamwambia Baba kwamba ulitaja saba na bado ukakimbizwa. Baba akamfuata kocha. Kocha akaomba daftari liletwe, nami nikasema nimelisahau kwenye basi. Akaondolewa kwenye timu kabla ya mwezi kwisha. Hadi leo mzee yule akipita mbele ya kibanda chako unageuza kiti umpe mgongo, na mimi nimekuona ukigeuza, nikaendelea kukukatia uzi. Trakisuti niliivaa hadi viwiko vikatoboka. Wewe ulikuwa umelazwa ndani, huna la kufanya, ukaomba sindano ukanitilia viraka. Mama huwaambia wageni kwamba hivyo viraka ndivyo vilivyokutia kwenye ushonaji. Kila anapolisimulia hilo mimi huondoka kwenda kuosha vyombo vilivyo safi.

Daftari halikupotea. Lilikuwa chini ya sanduku langu, na nilikuja nalo huku. Nimekata ukurasa wa Alhamisi ile, umo ndani ya bahasha hii. Ile tatu ni mwandiko wangu, utautambua. Mpelekee kocha, ni haki yake kuuona. Mama naye mwonyeshe, na Baba, sitakulaumu kwa lolote mtakaloamua juu yangu.

Nilirudi kwa mhadhiri nikiwa na malengo mawili. La kwanza ni kuandika namba ninayoambiwa. La pili ni lile la kulijua goti, na safari hii nimeandika kwamba ni goti la kaka yangu, na nani aliliharibu. Alisoma, akatia saini. Kisha akaonyesha nafasi ya lengo la tatu, akauliza kama sitaki kuandika kwamba nitakuambia, maana lingepimika na ushahidi wake ni rahisi. Nilikataa. Nimekwisha kupata trakisuti kwa goti lako, sitaki kupata na alama.

Nisalimie Mama na Baba kabla hujawasomea haya. Msalimie wifi, mwambie asiache dawa kwa sababu tu ya kujisikia nafuu. Sikuombi msamaha kwa barua, nitakuja likizo nikuombe nikiwa mbele yako, ukikubali nifike.

Sasa ndipo ninapouliza goti. Jioni, ukishakanyaga cherehani kutwa nzima, ni ngapi? Niandikie namba yenyewe, Kaka. Usiipunguze kwa kunihurumia.

Ni mimi mdogo wako na mwandishi wako,

Bi Kinyaa