Kujifunza Kupanda Meli

Jumatatu, 7 Machi 1955
Nimepiga pasi nepi tangu asubuhi. Sanduku la mtoto limejaa. Baadaye mazoezi ya kupanda meli tena. Memsaab ameegemeza ngazi kwenye ghala la mahindi, nikapanda na kushuka na mtoto wake Tom mikononi. Kwenye meli hakuna kumfunga mgongoni, anasema, watu watacheka. Treni ni Jumanne ijayo. Mombasa tutapanda mapema kabla ya msongamano. Nitalala sehemu ya chini ya meli na mayaya wengine. Uingereza tutashuka wa mwisho, kisha nirudi na familia inayokuja huku. Memsaab mwenyewe hawezi kumbeba Tom. Ana mimba, anatapika kutwa.

Maji makubwa zaidi niliyowahi kuona ni ziwa la Nakuru. Naogopa.

Jumatano, 9 Machi
Mama hali chakula vizuri. Ndiye nitakayemwachia binti yangu Nyambura, hajafika miaka minne. Karanja, mume wangu, alichukuliwa na askari mwaka juzi kwa sababu ya hali ya hatari. Kambi gani, sijui. Kazi yangu ndiyo inayotuweka hapa Rongai sisi watatu. Shamba la jirani Wakikuyu wote wamepakiwa kwenye lori. Bwana, mume wa Memsaab, anasema watu wake hawataguswa. Nimemwamini. Sina lingine la kufanya.

Ijumaa, 11 Machi
Leo somo la kushuka. Mtoto kwanza, mikoba baadaye. Nisimwachie mtu Tom, hata awe amevaa kofia ya kazi. Memsaab alijifanya baharia, akaninyooshea mikono kunijaribu. Nilikataa. Tulicheka sana. Usiku najichukia kwa kicheko hicho.

Jumamosi, 12 Machi
Barasa, mpishi, ameniita nyuma ya jiko. Shamba limeuzwa. Amesikia mezani akipakua supu. Aliyelinunua hataki Mkikuyu hata mmoja.

"Wewe ukiwa baharini," akasema, "mama yako atakuwa barabarani."

Nikaenda moja kwa moja kwa Memsaab. Nikamwuliza nitarudi wapi. Akaendelea kukunja shuka. Akasema Bwana atapanga kitu. Kitu gani? Akasema, "Wangari, tafadhali, si wiki hii."

Alijua. Siku zote za ngazi alijua.

Jumapili, 13 Machi
Sikwenda kanisani. Nimemweleza Mama yote. Akamaliza kuchambua maharagwe.

"Nenda, Wangari. Mmoja wetu awe mahali salama."

Nimemkasirikia. Nimekasirika zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshawaza hivyo mwenyewe.

Jumatatu, 14 Machi
Nimemwambia Bwana siendi. Nilisema nikiwa mlangoni, Tom amelala begani. Hakupaza sauti. Alimchukua mtoto, akasema tuwe tumetoka shambani leo. Tom aliamka, akalia, akaninyooshea mikono. Sikugeuka.

Alasiri lori. Askari wawili. Mama alitaka kubeba kuku wake. Wakamkataza. Barasa alisimama jikoni, hakutoka. Simlaumu.

Alhamisi, 17 Machi
Kambi, Nakuru. Sitaki kuandika. Uji mwembamba, mvua, watoto wanaharisha. Meli huenda imeshaondoka. Nani amembeba Tom, sijui. Nimemwota yeye badala ya mume wangu. Aibu.

Jumamosi, 19 Machi
Karani wa kambi amemwuliza Mama kwao ni wapi. Mama akasema Rongai. Karani akasema hapana, kwenu hasa. Mama aliletwa huku akiwa mgongoni mwa nyanya yangu. Akafikiri, akataja kijiji cha babake kule Murang'a. Alikitaja polepole, kama asiye na hakika. Jumatatu tunapelekwa huko. Sijawahi kufika. Hatumjui mtu.

Nyambura ameuliza kama kuna mbuzi. Nimemwambia sijui.

Mvua imekatika kidogo. Tumetoa nje blanketi lililolowa. Mama ameshika upande wake, mimi wangu, tunalikamua. Mikono yake bado ina nguvu.