Nilale kwa Dada Yangu au Ng'ambo ya Mto?

Mpendwa Bi Ottilia,

Naomba msaada wako juu ya jambo ambalo wengine wataliona la kuchekesha, maana ni la kuchagua hoteli tu, na mzee anayekaribia miaka themanini, aliyeuza aiskrimu Dortmund tangu hajaota ndevu, hapaswi kushindwa kuchagua kitanda cha kulalia wiki mbili, lakini nimeshindwa, na mke wangu Nives amechoka kunisikiliza, na ndiye aliyesema, "Mwandikie yule mama wa gazetini. Labda yeye utamsikia, mimi hunisikii."

Mimi ni mtu wa Zoldo, bonde letu la milimani kaskazini mwa Italia, kama wewe na kama wengi wanaosoma gazeti hili, kwa hiyo sihitaji kukueleza maisha yetu. Februari tunaondoka theluji ingali juu ya mapaa, tunafungua duka siku za kwanza za jua huko Ujerumani, na tunarudi Novemba, milima ikiwa imefunikwa na ukungu na matawi hayana hata jani. Tangu nilipoondoka na baba nikiwa mvulana sijauona mwezi wa Agosti wa nyumbani. Nimeusoma tu. Nina rafu nzima ya vitabu juu ya milima yetu, najua majina ya maua ya malishoni kwa Kiitaliano, kwa Kijerumani na kwa lugha yetu, lakini harufu ya nyasi za mkato wa pili zikianikwa nimebaki kuikumbuka vibaya, kama mtu anayekumbuka wimbo na kupoteza maneno. Mwaka huu, Februari, niliuza duka. Kwa mara ya kwanza nina kiangazi ambacho ni changu, na nataka kukitumia kwetu, nikae juani nikiutazama mlima Pelmo kabla magoti hayajakataa kabisa.

Sasa, kijijini kwetu kuna hoteli mbili. Moja iko ng'ambo ya mto, mpya, ina lifti, bwawa la maji moto, chumba cha mvuke na vyumba vinavyonukia mbao za msonobari. Nyingine ni ya dada yangu Ersilia. Hiyo ilikuwa nyumba ya wazazi wetu. Aliiongezea ghorofa mbili, akaning'iniza maua mekundu kwenye kila dirisha, akaiita kwa jina lake. Mimi na Ersilia hatujasemezana karibu miaka ishirini.

Nikueleze kwa nini, na nitajitahidi nisimwonee. Mama yetu alifariki mwezi wa Julai, na Ersilia akamzika bila kuniambia. Niliambiwa na binamu, kwa simu, Septemba, akidhani nimeshajua. Nilikuja Novemba kama kawaida, nikapita makaburini kwanza, halafu nikaenda nyumbani, nikamkuta jikoni anakoroga chungu, nikamuuliza begi likiwa bado mkononi, "Kwa nini hukunipigia?"

Hakugeuka. Alisema, "Ningekuambia ufanye nini, Fiorenzo? Ilikuwa Julai. Ungefunga duka?"

"Ungeniuliza."

"Nilikuonea huruma," akasema. "Sikutaka ulazimike kujibu."

Basi, begi sikulifungua. Niliteremka na basi la jioni, na miaka yote iliyofuata tulikuwa tukikaa majira ya baridi kwa ndugu za Nives huko Belluno, bonde letu nikiliona kwenye picha tu. Kinachoniuma, Bi Ottilia, ni kwamba alichagua jibu langu kabla sijaulizwa swali.

Lakini sikuacha kumfuatilia. Binti yangu Debora alinionyesha kwamba wageni wanaolala hotelini huandika maoni yao kwenye simu, dunia nzima ikayasoma, na tangu hapo mimi ndiye msomaji mwaminifu kuliko wote wa maoni juu ya hoteli ya Ersilia. Humo ndimo nilimojua kwamba siku hizi anatembea kwa fimbo. Humo nilijua bado anapika casunziei mwenyewe, zile tambi za kukunjwa zenye bitiruti ndani, na kwamba hazibadilishi hata ukimwomba. Familia moja ya Padova iliandika: "Bi mwenye hoteli hacheki, lakini usiku wa baridi alituletea blanketi kabla hatujaomba." Mwanamume wa Bologna alilalamika juu ya ngazi na juu ya maji ya kuoga, halafu akaongeza kwamba ukutani mwa ukumbi wa chakula kuna picha ya kijana aliyesimama na mkokoteni wa aiskrimu, na alipomuuliza bibi kijana huyo ni nani, alijibiwa, "Ni kaka yangu, yuko kazini." Yule wa Bologna alitoa nyota tatu. Nilitaka kumwandikia kwamba ni mchoyo.

Debora yeye hana shaka. "Baba, ng'ambo ya mto kuna lifti. Kwa shangazi kuna ngazi, na kuna shangazi."

"Magoti yangu bado yanapanda ngazi," nikamwambia.

Nives alikuwa anamenya viazi. "Magoti yake si tatizo," akasema. "Tatizo ni shingo. Haigeuki."

Hofu yangu ni hii. Nikilala ng'ambo ya mto, Ersilia atapata habari kabla sijavua koti, maana kijiji chetu hakijawahi kukosa wa kupeleka habari, na dirisha la jikoni kwake linatazama moja kwa moja lango la hoteli ile. Kaka yake wa damu, mgeni wa jirani: hilo hatalisamehe, nami nikiwa yeye nisingelisamehe. Nikilala kwake, sijui ataniweka meza gani. Unajua desturi ya hoteli za kwetu. Mgeni hupewa meza yake siku ya kwanza, hiyohiyo mpaka aondoke, na chupa ya divai asiyoimaliza humngojea kesho yake ikiwa na namba ya chumba shingoni. Wenye nyumba hula jikoni, wageni wakishamaliza. Akinikalisha ukumbini karibu na dirisha, na chupa yenye namba, nitakuwa nimejibiwa mbele ya watu, tena chini ya picha yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nimefanya jambo la mtu asiyejiamini. Nimeweka nafasi kote kuwili, katikati ya Agosti. Ng'ambo ya mto kwa jina langu, na kwa Ersilia kwa jina la mkwe wangu, Kettler, ili nikifika nimtazame kwanza kabla hajajua ni mimi, na uso wake ukinikataa niondoke kimyakimya. Mwisho wa mwezi huu lazima nifute mojawapo. Sina Agosti nyingi zilizobaki, na dada yangu hana nyingi pia. Niambie, nilale wapi?

Wako,
Mstaafu wa Dortmund

* * *

Mzee wangu wa Dortmund,

Tuanze na huyo Bwana Kettler, kwa sababu amenikasirisha. Unataka kuingia katika nyumba uliyozaliwa kwa jina la Mjerumani, uchungulie uso wa dada yako kama mtu anayechungulia dirishani. Umekaa nyuma ya kaunta maisha yako yote. Mteja wa zamani akirudi na mvi kichwani, humtambui? Ersilia atakutambua kwa namna unavyopangusa viatu mlangoni, tena atakutambua ukumbi ukiwa umejaa wageni wa Milano wanaogonga vijiko wakingojea supu. Unadhani atafanya nini hapo? Ataangua kilio? Atakuuliza chumba namba ngapi, kwa sababu mkono mmoja una fimbo na mwingine una sahani. Nawe utasema umekataliwa, utateremka na basi la jioni mara ya pili. Mfute Bwana Kettler leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti.

Pili, Agosti. Umekaa mbali mno, mzee wangu, au umesoma mno. Katikati ya Agosti mwenye hoteli wa bonde letu hana kaka, hana mume, hana jino linalouma. Hata watoto wake mwenyewe wanakula wamesimama. Meza ile ya jikoni unayoiota imejaa trei mpaka ukingoni, na hakuna anayekaa hapo, si wewe, si yeye. Wewe wa kuambiwa haya na mimi! Chukua Jumapili ya Julai huko Dortmund, jua kali, foleni imefika barabarani, na mtu amepita pembeni anataka mzungumze juu ya marehemu mama yenu. Ungempa nini? Ungempa koni, ungemwambia, "Subiri kidogo." Angesubiri mpaka majani yaanguke.

Sasa juu ya mama yako, na hapa sitaki utani. Ersilia alikukosea. Naandika wazi ili wasomaji wasinijazie barua wiki ijayo. Mtoto huambiwa kifo cha mzazi wake siku hiyohiyo, msimu au si msimu, na kufunga duka au kutofunga ni uamuzi wake yeye, na mzigo wa uamuzi huo ni haki yake. Pole sana. Nimeisoma sehemu ile ya barua yako zaidi ya mara moja. Lakini nawe unajua alijifunzia wapi. Sote tumelelewa hivyo. Nyumbani kwetu pia habari za misiba zilingoja vuli, kwa sababu baba alikuwa Leipzig na hakupaswa kusumbuliwa akiwa anatafuta mkate. Mama alikuwa akitukanya, "Msimwandikie, yuko kazini." Tulidhani huko ndiko kupenda. Ersilia alifanya lile ambalo bonde zima lingefanya, na likakuumiza wewe.

Yuko kazini. Umeyataja maneno hayo katikati ya barua, kati ya ngazi na maji ya kuoga, ukapita haraka kwenda kugombana na nyota za mtu wa Bologna. Rudi hapo. Karibu miaka ishirini wageni wanamuuliza yule kijana ni nani, na angeweza kusema ni mtu wa zamani, angeweza kusema alifariki, angeweza kuitoa picha. Anasema kaka yangu, yuko kazini. Katika bonde letu mtu aliye kazini ni mtu ambaye hatujagombana naye. Ni mtu anayetarajiwa msimu ukiisha.

Kwa hiyo nakujibu ulichouliza. Usilale kwa Ersilia, na usilale ng'ambo ya mto. Futa zote mbili. Nenda Novemba.

Najua, unataka nyasi na jua. Sikiliza kwanza. Novemba hoteli ya dada yako imefungwa. Maua ya madirishani yameshushwa ghala la chini, ghorofa za juu hazina moto, viti vya ukumbini vimepinduliwa juu ya meza. Chumba chenye joto ni jikoni peke yake. Hata akitaka kukufanya mgeni hataweza, hana pa kukuweka. Ukifika Novemba hakuna hoteli, kuna nyumba tu, nawe utakuwa umefika kama alivyofika baba yenu, na kama mlivyofika nyote mlipokuwa vijana, wakati ambao dada zenu walikuwa wakiteremka hadi kituo cha basi kuwangojea.

Usiende bila kupiga simu. Piga Oktoba, wapanda milima wa mwisho wakishaondoka, na piga simu ya nyumbani, si ile ya mapokezi. Usianze na mama. Akikuuliza unataka chumba gani, na atakuuliza, kwa sababu ni mkali na atakuwa anaogopa kama wewe, mwambie, "Sitaki chumba, nataka kiti jikoni." Akikata simu, nenda hivyohivyo. Lala Longarone, huko chini kuna hoteli zisizofungwa mwaka mzima, zote zinafanana, chagua yoyote na usiniandikie kuniuliza ipi. Asubuhi panda basi, uzunguke nyuma, ugonge mlango wa jikoni.

Siku ya Marehemu Wote nendeni makaburini pamoja, naye ashike mkono wako kwa sababu ya fimbo, nawe ushike wake kwa sababu ya magoti. Huko ndiko utakakomwambia kwamba ilikuuma. Mwambie mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, halafu nyamaza umwache ajibu au asijibu. Nives aende nawe, lakini siku ya kwanza abaki Belluno kwa ndugu zake. Anajua kumenya viazi na kusema kweli, na vyote viwili vitahitajika siku ya pili.

Agosti hii kaa Dortmund, ukale aiskrimu ya mtu mwingine uone inavyokuwa. Nyasi utazinusa mwakani, na kama mambo yakienda ninavyotumaini utazinusa ukiwa umeshika reki, maana Ersilia hatavumilia kaka mzima akae juani bure wakati nyasi zake hazijageuzwa.

Jambo la mwisho. Umeuza duka Februari. Aliyelinunua anajua, watu wa kodi wanajua, mimi najua, na sasa wasomaji wote wa gazeti hili wanajua. Dada yako peke yake bado anawaambia wageni uko kazini. Mpigie.