Kisanduku cha Bastola Pacha

Xiaobei, Guangzhou
14 Oktoba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba jicho limetulia wakati ukisubiri upasuaji. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha, Baba. Mwaka wa tisa huu nanunua viatu vya watoto hapa na kuvituma Mbeya, na siku hizi nikipanda ngazi za chumbani kwangu napumzika mara mbili kama bibi kizee.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningesingizia mtandao. Barua nimempa Dainess, mfanyabiashara mwenzangu anayerudi nyumbani wiki hii.

Sasa habari ya bastola zako. Kila mwaka umenituma nikutafutie pacha wa ile ndogo ya mfukoni yenye maua ya fedha kwenye kitako, iliyobaki katika zile mbili alizoachiwa Babu na mzungu wa shamba la chai. Kila mwaka nimekujibu kwamba nchi hii bastola ni marufuku, hata iwe ya mwaka 1850 na mtutu umezibwa na polisi kama zako. Hukukubali. Basi nimezunguka kwa wauza vitu vya kale na ile karatasi uliyochora kwa kuizungushia bastola penseli. Wakiiona tu wananipungia mkono, meiyou, hakuna, hakuna. Mmoja aliniuliza kama nina akili timamu. Nilimwambia nina baba.

Mwezi uliopita mzee mmoja nyuma ya mtaa wa Dengfeng aliicheka karatasi yako, kisha akanitolea kisanduku cha mbao chenye kitasa cha shaba. Ndani mna mahameli ya kijani iliyofifia, na nafasi mbili zenye umbo la bastola. Bastola zenyewe hazimo, na alisema hajawahi kuziona. Niliikunja karatasi yako kufuata mchoro, nikailaza katika nafasi ya kwanza, ikakaa sawasawa. Ya pili nilishindwa kuigusa. Nilikaa kwenye kiti chake nikalia. Mzee wa watu akadhani nalilia bei, akapunguza.

Ernest, wakala wetu wa mizigo pale Huanshi Zhonglu, aliposikia ni kisanduku cha bastola nusura anifukuze ofisini. Alisema tukiandika hivyo kontena zima litakaa bandarini Nansha mpaka viatu viote ukungu. Tukaandika kisanduku cha mbao, kitupu, na huo ni ukweli. Kitafika Desemba pamoja na viatu.

Baba, pacha wa bastola ile hayuko China. Yuko ndani ya shimo la choo cha zamani cha shule yetu. Niliichukua mimi, nikiwa kidato cha pili, nikawaringie wenzangu. Mwalimu alipoanza kukagua mabegi nikaitumbukiza. Niliporudi nyumbani nikakuta umeshamshika Lusajo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizisafisha pamoja nawe kila Jumamosi. Asubuhi ile alikuwa ameniona nikiitia begini. Alinitazama, akanyamaza. Nami nikanyamaza.

Ulimfukuza mdogo wangu akiwa na miaka kumi na mitatu, akalelewa na Mjomba kule Makambako, na mpaka leo hujala naye. Kwenye msiba wa Mama alikaa barabarani na vijana wa bodaboda, nami nikampelekea chakula kama mgeni. Kila ukiniita mtoto wako mwaminifu naona aibu mwili mzima. Mwizi ni mimi. Nisamehe au usinisamehe, lakini yeye mrudishe.

Kisanduku kitafika kimefungwa. Ufunguo ni mmoja tu, na hautakuwa nacho. Dainess atashuka kwanza Makambako amkabidhi Lusajo ufunguo huo mkononi, ndipo akuletee barua hii. Najua fundi yeyote wa hapo Tukuyu angekifungua kwa bisibisi. Ila nakujua: huwezi kuruhusu bisibisi iguse kitasa cha zamani namna ile. Itabidi umwite.

Nisalimie Shangazi Judica na wote wanaoniulizia, hata wakishasikia haya. Mungu akulindie jicho.

Ni mimi binti yako,
Kissa