Sauti Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 12 Mei
Chai, mahamri mawili (daktari aliruhusu moja), kisha faili. Kazi yetu hapa Changamwe ni kuwatetea mabenki na madalali wa hisa wanaposhtakiwa na wateja. Haituletei marafiki. Zamu hii ni Bi Zuhura wa Likoni. Adai dalali aliziuza hisa zake bila idhini, wakati yeye alikuwa ndani ya eda ya mumewe. Alizinunua kidogo kidogo, kwa kushona kofia. Azitaka zirudi. Kesi Jumatatu ijayo, mahakama ya Shanzu. Naiona nyepesi.

Jumanne, 13 Mei
Nimekaa na Kazungu, karani wa dalali. Mstaarabu kupita kiasi. Shemejiye Bi Zuhura alipiga simu ati hisa ziuzwe, Kazungu akaenda nyumbani kuhakikisha. Mjane wa eda haonani na wanaume wa kando, basi akauliza kutoka sebuleni. Sauti ya mwanamke nyuma ya pazia ikajibu: uzeni. Saini aliona haya kuidai, msiba ukiwa mbichi. Nimemsifu kwa adabu zake. Shahidi safi kabisa.

Alhamisi, 15 Mei
Likoni, kujaribu suluhu. Eda imekwisha, lakini wakili wa Bi Zuhura, Mwanaisha, aliyejifunza kazi kwangu, aliniketisha sebuleni akisema mama angali na haya, nizungumze tu. Nikatoa shikamoo. Pazia likajibu marahaba. Wallahi nilihutubu. Pole za msiba, sifa za dalali, nasaha ya kukubali yaishe. Pazia likaitika naam, naam. Nikajiona bingwa.

Mlango wa mbele ukafunguka. Akaingia mama na kikapu cha samaki.

"Wakili," akasema, "mwenye hisa ni mimi. Huyo uliyemwamkia ni binti yangu."

Binti akatoka anacheka mpaka machozi. Rika la kitinda mimba wangu. Mwanaisha akawa anakagua dari.

Mama akaeleza. Siku ile ya Kazungu yeye alikuwa uani anatia udhu. Aliyejibu ni mke wa shemeji. Namwamini. Nimecheka mwenyewe hadi kwenye feri, kisha kicheko kikakatika. Dalali nitamwambia nini?

Ijumaa, 16 Mei
Baada ya sala nimemwona meneja wa dalali. Nikamshauri arudishe hisa zote, na gawio lake, kabla ya kesi kusikizwa.

"Wakili, wewe ni wetu au wao?"

"Wenu. Ndiyo maana nimekuja kabla hakimu hajamuuliza Kazungu alimwona nani."

Akafunga faili, akasema atanipigia. Ndiye mteja wetu mkubwa.

Jumapili, 18 Mei
Hakuna simu. Naogopa. Mke wangu asema nianze kuzoea kupanda mchicha hapa Kiembeni.

Jumatatu, 19 Mei
Meneja alikuja Shanzu mwenyewe. Amekubali. Suluhu imesomwa, hakimu ameiandika, hisa zinarudi. Shemeji atajuana na jamaa zake. Nje ya mahakama meneja akamuuliza Bi Zuhura, kwa unyonge, sasa atahamia kwa dalali gani.

"Sihami, mwanangu. Wengine itabidi niwafunze upya sauti yangu."

Meneja akacheka, akaniambia nipite ofisini kesho, ana faili nyingine. Nimerudi nyumbani mapema. Mvua ndogo. Nimevua viatu, nimekaa.