Nyimbo za Baba Ziko Juu Mno

Mtaa wa Ardmore 31,
Greenock,
Uskoti.

5 Februari 2018

Mpendwa Baba Mdogo Murdo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako. Goti linaendeleaje? Mama Mdogo Ngaire aliandika kwenye kadi ya Krismasi kwamba siku nyingine hupandi lile basi la shule unaloendesha mpaka ushike mlango kwa mikono miwili, na Mama aliirudia sehemu hiyo akaguna. Huko kwenu, kusini mwa dunia, sasa ni kiangazi, kwa hiyo nadhani maumivu yamepungua. Na mwanao Tui, mitihani yake iliishaje?

Sisi hatujambo, ukiacha hayo nitakayoyaeleza. Mvua haijakatika tangu mwaka mpya. Mama ana mafua lakini anakwenda kazini. Bibi Netta anakula vizuri na bado anagombana na redio.

Mimi nina mwaka wa pili katika kazi ya ukarani, kwenye kampuni ndogo ya muziki huko Glasgow. Naenda kwa treni ya asubuhi na kurudi kwa ya jioni. Kampuni hiyo ndiyo inayotoa albamu mpya ya Baba, na wapo wanaosema nilipata kazi kwa ajili hiyo. Si kweli, kazi ilitangulia, ila sibishani nao.

Unajua kwamba Kempocks, bendi yenu ya zamani, wamerudiana. Walikualika, ukajibu kwa maneno machache kwamba hutaweza. Baba alipopata jibu lako alisema tu kwamba Murdo ana mabasi yake, kisha akatoka kwenda kumwaga takataka ambazo Mama alikuwa ameshazimwaga. Mimi nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mwezi uliopita nilipiga simu, na Mama Mdogo akanieleza kwa upole kwamba ukiona namba ya Uskoti huipokei. Nimeelewa. Nisamehe nikikusumbua kwa njia hii nyingine.

Vuli yote walifanya mazoezi katika ukumbi wa klabu ya mchezo wa tufe: Senga Docherty kwenye kinanda, Wullie Tennant kwenye ngoma, na Baba mbele. Ilipendeza. Watu waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama mvuani kusikiliza. Lakini Baba alikuwa akiimba chini chini, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Alisema anaitunza sauti kwa ajili ya studio. Senga akamwambia, "Umeiweka benki, Hector? Basi tupe na riba yake." Wote walicheka, na Baba naye akacheka, na baada ya kicheko kile hakuna aliyeuliza tena.

Unajua utaratibu wa studio kuliko mimi: vyombo kwanza, sauti mwisho. Prodyuza ni kijana mmoja mpole kutoka Leeds, anaitwa Fraser. Alipouliza nyimbo ziwekwe juu kiasi gani, Baba alisema pale pale zilipokuwa zikikaa nyimbo za Kempocks siku zote. Wullie akajaribu kusema kwamba watu wa umri wao wengi hushusha kidogo, hata hatua mbili tu. Baba akamuuliza kama yeye naye siku hizi anapiga mto badala ya ngoma. Basi ikawa imekwisha. Wanaume wa hapa unawajua, Baba Mdogo. Afadhali mtu aporomoke ngazi nzima kuliko kuambiwa mbele ya wenzake ashike ukuta.

Wakaja wapiga tarumbeta, wakaja na wapiga fidla, kila kitu kikarekodiwa kule juu, kikatoka kizuri ajabu, nao wakaenda zao. Ndipo Baba akaingia kwenye chumba cha kuimbia.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimewapelekea mikate na soseji. Beti za chini aliziimba vizuri hata nikajiona mjinga kwa wasiwasi wangu. Kiitikio kilipopanda, sauti ikapasuka. Akasema chai ilikuwa ya moto mno. Akarudia, akarudia tena, na mwishowe haikutoka sauti, ulitoka upepo tu. Fraser akasema sote tupumzike. Baba alifuta kinywa kwa leso na kuitia mfukoni haraka, lakini Mama ndiye afuaye, akaiona damu.

Daktari amesema mshipa mdogo umepasuka kwenye koo. Akinyamaza utapona. Akiendelea kulazimisha, anaweza kubaki hana hata sauti ya kuomba maji. Baba akasema yule daktari ni mtoto, hajawahi kumsikia akiimba.

Huenda unajiuliza kwa nini wasizishushe sasa. Fraser alijaribu kuzishusha kwa mashine, tarumbeta zikalia kama ng'ombe mwenye homa, na Baba akavaa koti lake akatoka. Kuwaita wapigaji upya kampuni imekataa. Mkuu wangu, Bwana Petrie, alikuja mezani kwangu akaniambia, kana kwamba koo lenyewe ni langu, kwamba sauti isipopatikana kufikia mwisho wa mwezi albamu itafungiwa kabatini. Nilisema ndiyo, bwana.  Basi Baba amejipangia kuingia tena studio tarehe 26, na amesema safari hii hatatoka mpaka aifikishe sauti kule juu. Amenunua asali.

Sasa nifike kwenye sababu ya kukuandikia.

Fraser aliomba mkanda wa zamani, asikie Baba alivyokuwa akiifikia ile sehemu ya juu. Lakini ninyi wawili mlikuwa mkiimba kwenye maikrofoni moja, bega kwa bega, na sauti zenu zimeshikana, hakuna awezaye kuzitenganisha tena. Alisikiliza kwa muda mrefu. Baba alikuwa nje. Akamuuliza Senga yule wa juu ni nani, na Senga akasema hakumbuki. Nilimfuata kwenye ngazi.

"Ni Murdo," akaniambia. "Siku zote alikuwa Murdo. Pakifika pale, baba yako anarudi nyuma nusu hatua, anafungua mdomo tu."

Nikamuuliza kama Baba anajua.

"Alijua. Ila ukisimama bega kwa bega na mtu miaka yote ile, mwanangu, unafika mahali unadhani hata meno yake ni yako."

Nilimsihi amwambie. Akasema amemvumilia Hector tangu shule ya msingi, na hataki yeye ndiye awe wa kumzika. Nilipomwendea Wullie, alianza kukaza nati ya ngoma ambayo haikuwa imelegea.

Nyumbani jioni Baba hujifungia bafuni akaijaribu ile sehemu, amefungua bomba ili tusisikie. Tunasikia. Wiki iliyopita Bibi alizima redio, akageukia mlango wa bafu na kusema, "Hector, acha hiyo. Hiyo ya Murdo." Maji yakazidi kumwagika. Baba alipotoka alimtakia mama yake usiku mwema na kupanda kulala bila kula.

Jumapili nikajaribu mwenyewe. Tulikuwa tunamenya viazi, Mama yuko kanisani. Nilianzia mbali, kwenye habari za mkanda, za maikrofoni moja, nikazunguka mpaka nikafika.

"Murdo alikuwa sauti ya pili," alisema. "Muulize mtu yeyote."

Nikamwambia nimeuliza. Aliweka kisu mezani.

"Morven, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa mnong'ono, kwa sababu siku hizi hiyo ndiyo sauti aliyo nayo mpaka saa sita mchana. Na neno hilo ndilo analotuzibia nalo midomo sote, daktari, Fraser, mimi, hata Mama, aliyemkuta bendi imeshavunjika. Waliokuwepo hawatasema. Bibi anaambiwa usiku mwema. Umebaki wewe.

Baba Mdogo, sikuombi uje. Wala sikuombi uimbe. Yaliyotokea kati yenu mwaka 1991 sijaelezwa yote, na si yangu kuyagusa. Nakuomba umpigie simu kabla ya tarehe 26 umwambie kwamba ile ya juu ilikuwa yako. Ukipiga saa mbili za usiku wetu, Baba ndiye hupokea. Tafadhali usipige ofisini kwangu. Bwana Petrie hajui kwamba nimekuandikia, na Mama hajui.

Sitaki kukudanganya kwamba kuna jema kubwa litakalotoka hapo. Akikuamini, hataingia studio, na albamu haitatoka. Nimejaribu kutafuta njia ambayo albamu inatoka na Baba anabaki na sauti yake, nimetafuta kila siku kwenye treni, sijaiona. Najua pia kwamba ninakuomba umnyang'anye kitu anachokiota, na labda ndicho hicho ulichokwenda mbali kote huko ili usikifanye. Kama ni hivyo, basi ulikuwa mwema kuliko tulivyokuwa tukisema hapa nyumbani, nami ninakuomba uache wema huo.

Akikukatia simu, usimchukie. Na kama hutapiga, sitakulaumu. Nikikuambia kweli, nikiwa naandika haya sikuoni ukipiga.

Mama wa posta amesema barua za huko huchukua siku kumi, halafu akanitazama akaongeza kwamba inategemea. Kama itakufikia tarehe imeshapita, ihesabu kuwa ni salamu tu. Usimtajie Baba. Siku hiyo nimeomba ruhusa kazini, nitampeleka kwa gari, nitakaa naye mpaka atakapomaliza, kwa namna yoyote atakavyomaliza. Mama ameweka daftari dogo na kalamu kwenye mkoba wangu, iwapo tutarudi na Baba hawezi kutuambia anachotaka.

Msalimie sana Mama Mdogo Ngaire, umshukuru kwa kunisikiliza siku ile. Msalimie Tui, mwambie ana dada Greenock angependa kumjua. Bibi Netta anakusalimu. Alikutaja jana na juzi bila kuulizwa. Senga anakusalimu pia, akasema nikuandikie kwamba kiti chako kwenye baa kimekaliwa na mtu mfupi zaidi.

Mungu alilinde goti lako na wale watoto unaowabeba kila asubuhi. Na kama bado huwa unaimba, hata ukiwa peke yako kwenye basi tupu, Mungu akuachie sauti hiyo.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye ingawa sijawahi kukuona,

Morven Gilfillan