Bakuli la Hamim

Bukoto, Jumapili

Kaka Hamim,

Salaam kutoka nyumbani. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori anayekuja huko Juba.

Hebu niambie, ulijua kwamba mama anaweza kutengeneza bhel, ule mchanganyiko wa bisi na ukwaju wa Wahindi? Mimi sikujua! Jana kanituma soko la Owino nikanunue bisi za mchele, ukwaju, vitunguu, dania na pilipili. Nikadhani ni homa inayosema. Kumbe kabla hatujazaliwa alipikia familia ya Wahindi wa Kigujarati miaka mitatu. Mbona hakuwahi kutuambia? Na ni nini kingine ambacho hatukijui?

Nikachanganya kila kitu mapema, kisha nikaenda kuswali. Niliporudi, bisi zimekuwa uji. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Jalia, ukwaju haumiminwi mpaka mlaji akae!"

Tukaanza upya. Safari hii bisi zililia mdomoni, uchachu na pilipili pamoja, nikamaliza mabakuli mawili.

La tatu alinikataza kuligusa. Alitia bisi kavu, akafunika kwa sahani, ukwaju akauweka kando kwenye kikombe. Nikamuuliza ni la nani.

"La Hamim."

Mliyoambiana wewe na mama siku ya mazishi ya baba siyaulizi. Ila daktari anasema huenda mama asifike Idi.

Leo asubuhi nimemwambia bisi zako zimeanza kulegea. Amenituma Owino nikanunue nyingine.

Mdogo wako,
Jalia